Desturi ya Kubebana: Kipoyi, Barza na Vijana Walioumia Moyo katika Masisi na Walikale

Utangulizi

Katika vitabu vidogo kama hiki tumezoea kusoma habari za ngoma, mahari, majina ya koo na enzi za wami wetu. Safari hii tumechagua desturi isiyo na ngoma wala mavazi, lakini ambayo kila mtu wa Masisi na Walikale anaijua tangu utoto: desturi ya kubebana. Mtu akigonjwa mahali ambapo gari haifiki, watu wa kilima wanamlaza katika kipoyi, wanamwinua mabegani, na wanapokezana njia nzima mpaka kwa munganga. Hawalipwi. Kesho atabebwa mwingine, na aliyebebwa jana, akipona, naye atatoa bega lake.

Tunaisimulia desturi hiyo kwa sababu ya swali linalotusumbua sisi walimu. Kila mwaka tunapokea darasani vijana ambao mwili wao ni mzima, hawana kidonda wala homa, lakini hawako sawa. Mmoja analala juu ya meza kwa kuwa usiku hapati usingizi. Mwingine, upepo ukifunga mlango kwa kishindo, anajitupa chini. Wa tatu alikuwa wa kwanza katika hesabu, leo anakaa kimya juma zima, halafu haji tena. Tunasikia kwamba yuko kwenye machimbo, au kwenye kasiksi na bangi, au amerudi porini. Mitaani watu wanasema: «Ule mutoto ako na mawazo mingi», au «kichwa yake haiko sawa». Siku hizi hata mama wa shamba anasema «ako na tromatisme», neno lililoingia vijijini pamoja na vita.

Je, desturi ya kubebana imewahi kuwafikia vijana hao? Zamani nani aliwabeba, leo nani anawabeba, na kwa nini wengine wanaachwa njiani? Hayo ndiyo tutakayotazama.

1. Kipoyi na historia zake mbili

Kipoyi ni kitu rahisi. Miti miwili mirefu, au mianzi pale inapoota, inaunganishwa kwa vijiti na kamba. Juu yake kunawekwa mkeka au blanketi. Watu wanne wanabeba, wengine wanafuata nyuma wakingoja zamu. Mama au dada wa mgonjwa anatembea kando, amebeba sufuria, unga na nguo, maana hospitalini chakula ni kazi ya jamaa. Penye matope mengi wanakwenda polepole. Kwenye mto wasio na daraja wanakiinua juu ya vichwa. Kutoka Masisi-centre hadi Goma ni kama kilomita 80, na kutoka Walikale-centre ni zaidi ya 200. Teritwari ya Walikale peke yake inakaribia ukubwa wa nchi nzima ya Rwanda, na sehemu kubwa ni msitu. Katika nchi ya namna hiyo, miguu ya majirani ndiyo ilikuwa gari la wagonjwa, na pengine hata leo ndiyo hiyo, ijapokuwa pikipiki na chukudu vimesaidia penye njia.

Neno lenyewe lina historia nyingine, na hiyo ni chungu. Wakati wa Wabelgiji, kipoyi kilikuwa kiti cha kubebea wakubwa. Mtu wa serikali, na mara nyingine hata mmisionari, alikaa juu, na watu wa kijiji walilazimishwa kumbeba kilima kwa kilima pamoja na masanduku yake. Kazi ya kubeba mizigo kwa nguvu ilikuwa kati ya mambo yaliyochukiwa kuliko yote. Uhuru wa 1960 uliumaliza utumwa huo, lakini kipoyi hakikuchomwa moto. Watu walikibakisha kwa ajili ya wale waliotaka wenyewe kuwabeba.

Katika vilima vya wasemao Kinyarwanda, kitu hicho kinaitwa ingobyi. Neno hilohilo ni jina la ngozi au kitambaa cha kubebea mtoto mgongoni. Yaani mgonjwa anaposhindwa kutembea, jirani zake wanageuka mama yake kwa siku moja.

Desturi hii ina sheria zake, japo hazikuandikwa. Kelele ikipigwa, kila mwenye nguvu anatoka. Asiyetoka bila sababu anatozwa kitu kidogo, makuta au pombe ya wabebaji, na aibu yake ni kubwa kuliko faini. Hakuna anayemwuliza mgonjwa ana deni gani au aligombana na nani juzi. Tena kazi haiishi pale mgonjwa anapofikishwa: kuna zamu ya kumpelekea chakula, kuna watakaolima shamba lake, na akipona kuna watakaomrudisha.

Lakini kipoyi kilikuwa kwa ajili ya mwili. Kilibeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, aliyevunjika mguu, aliyezidiwa na malaria. Mtu aliyeumia moyo ana miguu, anatembea mwenyewe, na pengine anatembea kupita kiasi, usiku na mchana. Huyo hakuwekwa katika kipoyi. Yeye alibebwa kwa njia nyingine.

2. Moyo ulibebwa wapi?

Njia ya kwanza ilikuwa barza. Jioni, wanaume na vijana waliota moto pamoja, wakala pamoja, na mambo ya siku yakasemwa. Mzee aliyeona kijana amekaa pembeni siku tatu hakumwita mbele ya watu. Alimtuma kuni, akamtuma maji, akatembea naye mpaka shambani, na njiani akamwuliza. Wasichana na wanawake walikuwa na mahali pao, jikoni na mtoni, ambako nyanya au mama mkubwa alifanya kazi ileile. Watoto wa kiume wa makabila ya msitu, kama Wakumu na Walega, walipitia pia kambi ya tohara: walitolewa nyumbani wakiwa watoto, wakateseka pamoja, wakafundishwa na wakubwa, kisha wakarudishwa mbele ya kijiji kizima kwa furaha. Maumivu yao yalikuwa na mwanzo na mwisho, na yalikuwa na mashahidi.

Njia ya pili ilikuwa kilio. Kwetu, mtu akifa, majirani hawaji kutoa pole na kwenda. Wanakaa. Wanaleta kuni, muhogo, ndizi, maharagi, na makuta ya mchango. Wanalala nje pamoja na wafiwa siku kadhaa, na wanaongea habari za marehemu mpaka zinachoka. Siku ya kuondoa kilio inatangazwa, na baada ya hapo mfiwa anajua kwamba anaruhusiwa kucheka tena. Anayelia peke yake hana siku ya kumaliza kilio.

Njia ya tatu ilikuwa jamaa wanaopokea. Mtoto aliyeshindwana na baba yake alikwenda kwa shangazi au kwa mjomba. Hapa Wanyanga wa Walikale wana ushuhuda mkubwa, nao ni hadithi ya Mwindo. Mzee Shé-Kárisi Rureke aliisimulia mwaka 1956 kwa siku kadhaa mbele ya mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck, na mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene, msomi wa Kinyanga, waliichapisha. Leo inasomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Kwa kawaida tunaisifu kwa ajili ya nguvu za Mwindo. Tuitazame kama habari ya kijana aliyeumizwa.

Shemwindo, mkubwa wa kijiji cha Tubondo, aliwaagiza wake zake wazae wasichana tu. Mwindo alipozaliwa mvulana, baba alijaribu kumwua, na mwishowe akamfungia ndani ya ngoma, akamtupa mtoni. Aliyempokea ni Iyangura, shangazi yake, ndugu wa Shemwindo yuleyule. Mwindo alipopata nguvu akarudi kulipiza kisasi, na watu wengi wa Tubondo wakafa. Akamfuata baba yake mpaka kuzimu. Lakini hadithi haiishi kwa kisasi. Iyangura anamwomba awafufue watu wa kijiji. Baba na mwana wanapatanishwa mbele ya wote, na nchi inagawanywa kati yao. Baadaye Mwindo anamwua joka, rafiki wa Nkuba, yaani radi, na Nkuba anampandisha juu, anamwonja kwa baridi na jua kali ili aache majivuno, kisha anamrudisha nyumbani awe mkubwa mwenye hekima.

Wazee waliotunga hadithi hiyo walijua jambo ambalo waganga wa leo wanalifundisha: kijana aliyetendewa ukatili anaweza kuwa mkatili yeye mwenyewe, na mtu huyohuyo bado anaweza kurudi. Ili arudi panahitajika mtu wa kumpokea, panahitajika maneno mbele ya watu, na panahitajika muda.

3. Vita vilivyovunja mabega

Sasa tuseme habari za vita kwa ufupi, maana kila nyumba inazo zake. Mwezi wa tatu 1993, mapigano yalianza Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi. Maelfu ya watu waliuawa, na wapatao 250,000 walihama. Vilima ambavyo serikali ya kikoloni ilivijaza watu kutoka Rwanda kati ya 1937 na 1955, kando ya wenyeji Wahunde na wengine, bila kumaliza swali la ardhi na utawala, viligeuka uwanja wa kuuana kati ya majirani. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Kivu, na pamoja nao waliofanya mauaji ya kimbari. Mwaka 1996 vita vya AFDL vilileta neno kadogo: mtoto mdogo mwenye bunduki ndefu kuliko yeye. Ikafuata vita ya 1998, kisha CNDP kuanzia 2006, M23 ya 2012, na M23 tena tangu mwisho wa 2021. Januari 2025 M23 iliingia Masisi-centre. Machi ikaingia Walikale-centre, na ikatoka huko mwanzoni mwa Aprili. Katikati ya hayo yote kulikuwa na makundi mengi ya vijana wa vijiji, kila moja likisema kwamba linalinda watu wake.

Mtoto aliyezaliwa 1993 leo ni mzazi, na watoto wake wamekwisha kukimbia mara nyingi kama yeye.

Takwimu mbili zinatosha. Mwaka 2010 watafiti waliuliza watu wazima 998 wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri. Nusu yao, yaani 50.1 kwa mia, walikuwa na dalili za mshtuko wa vita usiokwisha, na 40.9 kwa mia walikuwa na dalili za huzuni nzito. Hao walikuwa wakubwa, wale ambao kijana alipaswa kuwakimbilia. Mwaka huohuo, tangu tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti, wapiganaji waliingia vijiji 13 vya Walikale, katika eneo la Luvungi kwenye njia ya Kibua na Mpofi. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake 300, wanaume 23, wasichana 55 na wavulana 9. Tunataja wavulana tisa hao kwa makusudi, kwa sababu kwetu hakuna barza ambapo mvulana anaweza kusema jambo kama hilo.

Tukitazama desturi tulizozieleza, tunaona kwamba vita havikuua watu tu. Barza zilichomwa moto, na wazee waliokaa ndani yake walikufa au walitawanyika. Kilio kilikosa nafasi, maana huwezi kukaa siku nne na mfiwa wakati risasi zinafuata nyuma. Wengi waliacha maiti njiani, na hawajaondoa kilio hadi leo. Katika kambi za wahamaji karibu na Goma, kama Bulengo na Lushagala, watu wa vilima mbalimbali walilala hema kwa hema. Mwezi wa pili 2025 kambi hizo ziliondolewa, na kila mtu akaenda alikoweza.

Kuna jambo gumu zaidi, na inafaa tuliseme sisi wenyewe kabla ya wageni kutusemea. Mahali pengine barza ileile iliyomlea kijana ndiyo iliyomtuma vitani. Kulikuwa na wazee waliobariki, kulikuwa na maji ya dawa, kulikuwa na wazazi waliotoa mtoto kama vile wengine wanavyotoa mchango. Kijana alibeba kijiji begani mwake akiwa na miaka kumi na minne. Aliporudi, kijiji hichohicho kikamwogopa: «Huyu ameua, asilale karibu na watoto».

4. Wanaobeba leo

Pamoja na hayo, mabega hayakwisha yote. Tutaje baadhi ya waliojitoa.

Katika mji wa Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, cha Mabruda wa Upendo, kwa Kifaransa Frères de la Charité. Shirika hilo lilianzishwa na padri Triest huko Gent, Ubelgiji, mwaka 1807, likafika Kongo mwaka 1911, na tangu mwanzo lilijulikana kwa kuwatunza watu ambao wengine waliwafunga minyororo. Bukavu wana SOSAME. Majina hayo yanajulikana mpaka ndani ya Walikale. Mtu akisema «wamemupeleka Tulizo», kila mtu anaelewa. Ila kutoka Walikale kwenda Goma ni safari ya siku na fedha, na pengine ni safari ya kupita vizuizi vya watu wenye silaha. Kituo kimoja mjini hakiwezi kuwa barza ya teritwari mbili.

Katika hospitali kuu ya Masisi, Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walianza kazi mwaka 2007, na pamoja na upasuaji waliweka washauri wa kusikiliza watu. HEAL Africa, hospitali iliyotokana na kazi ya daktari Jo Lusi na mke wake Lyn katika Goma, ilipeleka huduma yake mpaka vijijini kwa kupitia makanisa na viongozi wa mahali. Wakatoliki na Waprotestanti, pamoja na vyama vya wanawake, walifungua nyumba za kusikiliza: chumba kimoja, viti viwili, na mama aliyefundishwa kunyamaza na kutunza siri. Mama huyo si daktari. Mara nyingi ni jirani, naye pia amepoteza watu wake.

Don Bosco Ngangi na CAJED, wote wa Goma, walipokea watoto waliotoka katika makundi yenye silaha. Hapa kuna jambo linalogusa desturi yetu moja kwa moja: familia za kupokea kwa muda. Mtoto aliyetoka porini, wakati jamaa zake wanatafutwa, anakaa katika nyumba ya watu wa kawaida. Anachota maji pamoja na watoto wa nyumba, anakula sombe ileile, anakemewa kama wengine. Familia hailipwi mshahara. Vitabu vya mashirika vinaiita mbinu ya ulinzi wa watoto. Wanyanga wangesema ni Iyangura amefungua ngoma iliyoletwa na mto.

Utafiti mmoja uliotangazwa mwaka 2013 unatupa moyo zaidi. Katika vijiji vya Kivu, wanawake waliobakwa waligawanywa kijiji kwa kijiji: wengine walisaidiwa kila mmoja peke yake, wengine waliketi katika vikundi na kufundishwa kidogo kidogo kutazama mawazo yao bila kuzama. Walioongoza vikundi walikuwa wasaidizi wa mahali, wala si madaktari wakubwa. Waliokaa katika vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wenzao, na miezi sita baadaye nafuu hiyo ilikuwa bado ipo. Wazee wetu wasingeshangaa. Wao waliketi wengi kuzunguka mfiwa mmoja kwa sababu hiyohiyo.

Tuseme pia habari za makuta. Kuna likelemba, ambapo kila mwezi mmoja anapokea fungu la wote. Kuna vikundi vya AVEC vya kuweka na kukopesha, vyenye sanduku la kufuli tatu na wenye funguo watatu tofauti. Ndani ya sanduku kuna mfuko mdogo wa msaada kwa ajili ya kilio, uzazi na ugonjwa. Kuna shirika la kanisa, yaani nyumba kumi au ishirini za jirani, ambazo zinachangia chumvi na sabuni kwa aliyepungukiwa. Mambo hayo yote ni vijukuu vya kipoyi. Hayakungoja mzungu, na hayaondoki mradi unapofungwa. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilifunga USAID, na kazi nyingi za msaada katika Kongo zikasimama. Mashirika mengine nayo yamepunguza watumishi. Mshauri wa mradi anaweza kuambiwa mwisho wa mwezi kwamba kazi imekwisha. Jirani hawezi kuambiwa hivyo.

5. Mahali tunapomshusha mgonjwa njiani

Tukisifu desturi peke yake tutakuwa tumesema nusu ya habari. Kuna mahali pawili ambapo kipoyi kinawekwa chini kabla ya kufika.

La kwanza ni aibu. Familia nyingi zinaficha kijana aliyeumia akili. Zingine zinamfunga kamba au mnyororo ndani ya nyumba, bila chuki, kwa kuogopa asipotee au asichome nyumba ya mtu. Wengine wanamkimbiza kutoka chumba cha maombi kimoja kwenda kingine, anafungishwa siku nyingi bila chakula, anaambiwa ana mapepo au amelogwa na bibi yake. Hatupingi maombi, wengi wetu tunaomba. Lakini mtu aliyevunjika mguu tunamwombea wakati tukimbeba kwenda hospitali. Kwa nini aliyevunjika moyo aombewe bila kubebwa? Kifafa, kwa mfano, kina dawa ya bei nafuu inayojulikana miaka mingi. Kijana anayeinywa kila siku anaweza kusoma na kuoa. Shida yake ni kuikosa wiki mbili kwa sababu barabara imefungwa au hakuna aliyetumwa kuifuata. Wa kutumwa ni kazi ya zamu, na zamu tunaijua.

Msichana aliyerudi na mtoto wa mpiganaji ana aibu ya namna nyingine. Watu hawamfungi mnyororo. Wanamwita jina la kundi lililomchukua, na mtoto pia wanamwita hivyo. Shuleni tumesikia majina hayo yakitajwa uwanjani. Hakuna mshauri anayeweza kuponya saa moja kwa wiki kile ambacho kijiji kinakichokonoa siku saba.

La pili, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote, ni mpaka wa kabila. Tangu zamani kipoyi kilikuwa cha kilima kimoja, na kilima mara nyingi kilikuwa cha watu wa damu moja. Hata hivyo njia ya hospitali ilipita vilima vya wengine, na wabebaji waliochoka walipokelewa na watu wa kule, wakapewa maji, mara nyingine mabega. Palikuwa pia na undugu wa damu kati ya watu wa makabila mbalimbali, ambao uliwalazimisha kusaidiana kama waliozaliwa tumbo moja. Baada ya 1993 njia hiyo ilikatika mahali pengi. Leo Mhunde anaogopa kupitisha mgonjwa kwa Wahutu, Mhutu anaogopa kupita kwa Wahunde au Wanyanga, na Mtutsi haoni pa kupita. Mbuti, yeye hata kabla ya vita aliachwa mlangoni.

Msaada wa moyo umefuata mipaka hiyohiyo. Kila kabila lina mutualité yake, na kila mutualité inalia watoto wake. Katika kilio chetu tunasimulia jinsi wao walivyotuua. Katika kilio chao wanasimulia jinsi sisi tulivyowaua. Kijana anayesikiliza hapati pumziko. Anatoka hapo na hasira mpya juu ya huzuni ya zamani, na siku ya tatu anakuja mtu wa kumwandikisha. Hapo desturi ya kufariji imegeuka mlango wa vita. Kwa hiyo tunasema kwamba msaada kwa vijana unaosimama mpakani mwa kabila haujatimia, hata ukiwa na fedha nyingi.

6. La kushika

Tunapendekeza nini sisi watu wa shule na wa chama cha utamaduni? Mambo machache, yote kutoka katika sheria za kipoyi.

Kila sanduku la msaada, la AVEC, la likelemba au la shirika la kanisa, liandike katika kanuni zake kwamba ugonjwa wa moyo na wa akili ni ugonjwa. Sentensi moja inatosha ili mama asione haya kuomba makuta ya pikipiki ya kumpeleka mwanawe kwa munganga, au ya kufuata dawa yake.

Zamu ziandikwe majina. «Tutamsaidia» haimbebi mtu. Jumatatu ni fulani atakayempitia kijana kwenda naye shambani, Alhamisi ni fulani atakayekula naye, mwisho wa mwezi ni fulani atakayefuata vidonge. Tena wabebaji wapokezane, kwa sababu anayesikiliza peke yake kila siku ataanguka naye.

Wazee wanaojua hadithi waalikwe shuleni, na hadithi ya Mwindo ifundishwe mpaka mwisho, pamoja na kazi ya Iyangura na mapatano ya Tubondo. Vijana wetu wanajua vizuri sehemu ya kisasi. Na siku za kukumbuka wafu, angalau katika shule na katika parokia ambapo makabila yanakaa benchi moja, majina ya wafu wa pande zote yasomwe pamoja.

Tunajua pingamizi: «Mwalimu, unasema hivyo kwa sababu si mutoto yako aliyechinjwa». Ni neno zito, na jibu rahisi halipo. Tunaweza kujibu kwa lile tunaloliona tu. Katika hospitali za Masisi, Mweso na Walikale, wagonjwa wa makabila yote wanalala chumba kimoja, kitanda kwa kitanda. Jamaa zao wanapikia kwenye jiko moja nyuma ya jengo, wanaazimana chumvi, na usiku mmoja akilia, mwingine anaamka kumshikia taa. Wamefika hapo kwa vipoyi tofauti, kila kimoja kikiogopa njia ya mwenzake. Wakitoka, kila mmoja anarudi kilimani kwake na hofu ileile. Kazi iliyobaki ni kwamba lile wanalolifanya pale jikoni walifanye pia njiani, na vijana wetu walioumia moyo wawe wa kwanza kupitishwa.